Mbiru: rekodi za neno moja la Upare

Katika Don Quixote, riwaya ya Miguel de Cervantes iliyotoka kwa sehemu mbili, mwaka 1605 na 1615, cheo cha shujaa mpanda farasi kinatajwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mzee Don Quixote mwenyewe anajipachika cheo hicho kwa fahari, wenye nyumba za wageni wanamcheka, mabwana wakubwa wanamfanyia mchezo, na mwishowe, akiwa kitandani anakata roho, anakikana. Neno halikubadilika. Waliolitamka ndio waliobadilika, kila mmoja na haja yake.

Upare, nchi ya milima ya Wapare huko Tanzania, nao una neno lililopita mikono mingi namna hiyo, tena katika historia ya kweli: mbiru. Limewahi kuwa heshima, likawa kero, likaja kuwa jina la ushujaa. Hizi ndizo rekodi zake.

Maana kongwe kuliko zote
Kabla ya ukoloni, mbiru ilikuwa haki ya mtawala: kile ambacho raia walimpelekea kwa desturi. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Kipare na kuchapisha historia yao ya kisiasa mwaka 1969, aliirudisha simulizi hiyo nyuma hadi karibu mwaka 1500. Katika dunia hiyo, aliyetoa alimjua aliyepokea, na aliyepokea aliishi mlima uleule.

Matumizi yaliyochukiwa kuliko yote
Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Vita Kuu ya Pili ikiendelea, machifu wa Upare na maofisa wa Kiingereza walianzisha kodi mpya juu ya kodi ya kichwa iliyozoeleka. Kodi ya zamani ilikuwa sawa kwa wote. Hii mpya ilipimwa kwa mali: mifugo, mashamba, mazao. Wakaipa jina la kale, mbiru, kwa matumaini kwamba wananchi wangeipokea kama mila yao.

Hawakuipokea. Kila mwenye kaya alipaswa kukadiriwa na watu wengine, na majirani wawili waliolima bega kwa bega wangeweza kupangiwa viwango tofauti bila kuelezwa sababu. Wapare hawakukataa kulipa. Walitaka kiwango kimoja kinachojulikana, hata kama kingepandishwa. Walichokataa ni kuhesabiwa mali na watu wasiowaamini.

Mteremko mrefu kuliko yote
Kilele kirefu kuliko vyote katika Milima ya Pare ni Shengena, mita 2,462, juu ya msitu wa Chome upande wa kusini. Chini yake, tambarareni, ndiko uliko mji wa Same, makao makuu ya Wilaya ya Pare wakati huo, kando ya reli ya Tanga kwenda Moshi. Juu kuna ukungu, migomba na mifereji ya maji. Chini kuna jua, vumbi na miiba. Mwezi Januari 1945, maelfu ya wanaume walishuka njia hizo za milimani kwenda kumwona mkuu wa wilaya. Walikuwa watu wa milki mbalimbali zilizozoea kila moja kuwa na chifu wake na mambo yake, lakini safari hii walikuwa na shauri moja.

Baraza refu kuliko yote
Walipofika Same hawakuondoka. Walipiga kambi na kukaa kwa miezi, wengine wakirudi nyumbani na wengine wakishika nafasi zao. Hawakubeba silaha. Mmoja wa viongozi waliotajika ni Paulo Mashambo wa Upare Kusini. Wakati huo wote, mashamba, watoto na mifugo vilibaki mikononi mwa wanawake, nao ndio waliofanya kambi ile iwezekane. Mwanamume asingekaa Same wiki nzima kama nyumbani hakuna anayelima.

Kauli nzito kuliko zote
Mwaka 1946, mamia ya wanawake waliandamana Usangi, Upare Kaskazini, ofisa wa serikali alipofika huko. Walimwambia achague: amalize shauri la kodi waume zao warudi, au awape mimba yeye mwenyewe. Katika jamii yenye haya kama ya Kipare, maneno hayo hayatamkwi hadharani ovyo. Waliyasema kwa sababu yalibeba hoja nzima: serikali iliyowaweka waume mbali na nyumba zao ilikuwa inaua ukoo. Hakuna ombi la maandishi lililoweza kusema hivyo kwa ufupi huo.

Ushindi wa kimya kuliko wote
Ilipofika mwaka 1947, mbiru ilikuwa imefutwa na kodi ya kiwango kimoja imerudi. Mwaka 1946 ulizaliwa pia Umoja wa Wapare, chama kilichowapa watu wa milimani sauti ya pamoja nje ya baraza la machifu, miaka 8 kabla ya TANU kuanzishwa.

Maana iliyodumu kuliko zote
Mwaka 1971 Kimambo alitoa kitabu chembamba kuhusu mapambano hayo, na neno Mbiru liko kwenye jalada lake. Tangu hapo, anayelisoma neno hilo katika historia ya Tanzania haoni heshima ya mtawala wala hesabu ya karani. Anaona watu walioketi Same mpaka wakasikilizwa. Waliolipinga neno ndio waliolirithi.

Aliyekuwa na miaka 10 mwaka ule wa kambi sasa ana umri wa miaka 90 au zaidi. Walimu wa historia wa Same na Mwanga wana nafasi ambayo haitarudi: kuwatuma wanafunzi kwa mabibi na mababu waliobaki, wakiwa na daftari na simu za kurekodia, waulize nani alilima mama alipokuwa Usangi, na nani alimpelekea baba chakula Same. Majibu hayo hayamo katika kitabu chochote, na kila mwaka unaopita unapunguza wa kuyatoa.