Kwa nini redio za magari ya Japani hazielewani na simu za madereva

Gari lililotumika nchini Japani hushushwa melini katika Bandari ya Dar es Salaam, likakabidhiwa dereva, na safari ya zaidi ya kilomita 1,500 kuelekea Bujumbura ikaanza. Mara nyingi dereva huyo hajafika hata Morogoro kabla ya kugundua mambo mawili: redio inakoroma bila kunasa kituo, na simu aliyoichomeka kwenye tundu la USB inazidi kuishiwa chaji. Kwake simu si chombo cha starehe. Ndiyo ramani, ndiyo pochi ya fedha, na ndiyo njia ya kumpata wakala wa forodha atakapofika mpakani Kabanga na Kobero.

Lawama huiangukia redio, ikaitwa mbovu, na wapo wanaoing'oa na kununua nyingine. Ukweli ni kwamba redio nyingi za aina hiyo ni nzima, ila zimeundwa kwa ajili ya nchi yao. Nchini Japani matangazo ya FM yamepangwa kuanzia megahezi 76 hadi 90, na katika miaka ya karibuni yameongezwa hadi 95. Afrika Mashariki hutumia megahezi 87.5 hadi 108. Kwa hiyo, redio ya zamani ya Kijapani huambulia vituo vichache tu vilivyo chini ya 90. Vingine vyote viko nje ya uwezo wake. Mafundi huweka kifaa kidogo kati ya antena na redio, ambacho huyashusha masafa. Kifaa kinachopunguza megahezi 20 hukifanya kituo cha 101 kisikike kwenye 81.

Sababu hiyo hiyo huwatatiza wanaonunua vile vifaa vya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, ambavyo huchukua sauti ya simu na kuirusha kwa mawimbi ya FM. Navyo hurusha kati ya 87.5 na 108. Mwenye redio ya Kijapani isiyo na kishusha masafa hana budi kutafuta nafasi iliyo wazi kati ya 87.5 na 90, na karibu na miji mikubwa nafasi hiyo huwa finyu.

Njia bora ya sauti ni Bluetooth, iwapo redio inayo. Hata hivyo, kuna redio zinazopokea mazungumzo ya simu lakini hazichezi muziki. Hiyo si hitilafu. Mazungumzo na muziki hupitia taratibu mbili tofauti ndani ya Bluetooth, na baadhi ya redio za zamani zilipewa ule wa kwanza pekee. Panapokosekana Bluetooth, waya wa AUX hutosha, mradi simu iwe na tundu la visikizi au kiunganishi chake.

USB ndiyo hudanganya wengi, kwa kuwa tundu ni moja na kazi zake ni mbili. Matundu ya redio nyingi za miaka hiyo yaliwekwa kwa ajili ya kusoma nyimbo kutoka kwenye flashi. Simu za Android, tangu mwaka 2011 hivi, ziliacha hatua kwa hatua kujitambulisha kama flashi, na hivyo redio huichungulia simu isione kitu. Kwa upande wa umeme, tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa nusu amperi kwa volti 5, yaani wati 2.5. Betri ya simu ya kisasa yenye uwezo wa 5,000 mAh ingehitaji zaidi ya saa saba kujaa kwa kasi hiyo, hata kama simu imezimwa. Kioo kikiwa kinawaka na ramani ikifanya kazi, matumizi hulingana na kinachoingia au hukizidi. Ndiyo maana simu iliyochomekwa tangu asubuhi inaweza kuzimika jioni.

Ufumbuzi ni kutenganisha kazi hizo: sauti ipite redioni, chaji itoke kwenye tundu la kuwashia sigara kwa chaja ya wati 15 au zaidi. Hapo huzuka kero nyingine. Anayetumia waya wa AUX huku akichaji husikia mvumo unaopanda kila anapokanyaga mafuta. Mvumo huo hutokana na umeme wa gari unaoingia katika sauti kwa kupitia waya mbili zilizokutana ndani ya simu. Kuchomoa chaja huumaliza mara moja. Anayetaka vyote viwili hutumia Bluetooth, au huweka kichujio kidogo kwenye waya wa AUX.

Madereva wa malori wana tahadhari yao. Magari madogo hutumia volti 12, malori makubwa hutumia 24. Chaja iliyoandikwa 12 pekee haifai kabisa kwenye lori, kwani huweza kuungua na kuiharibu simu pamoja nayo. Inayofaa huandikwa 12–24.

Tundu la sigara likifa ghafla, aghalabu fyuzi ndiyo imekatika, wakati mwingine kwa sababu ya sarafu iliyodondoka ndani. Fyuzi hubadilishwa kwa nyingine yenye amperi zile zile. Desturi ya kuziba pengo kwa kipande cha waya, ambayo hufanywa barabarani kwa haraka, huondoa kinga pekee iliyopo kati ya waya za dashibodi na moto.

Jambo la mwisho husahaulika gari linapouzwa au kurudishwa kwa aliyelikodisha. Redio zenye Bluetooth nyingi hunakili majina na namba zilizomo simuni, na huzihifadhi hata simu ikishaondoka. Orodha ya kuzifuta imo katika mipangilio ya redio, mara nyingi kwa maandishi ya Kijapani. Neno Bluetooth lenyewe kwa kawaida huandikwa kwa herufi za Kilatini, na ndilo la kuanzia kutafuta.