Je, Wajua Reli ya Mezani Hujengwaje?

Katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi kimesimama Mount Gelai, kichwa cha treni cha mvuke cha daraja la 59, kilichoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950. Kina uzito wa zaidi ya tani 250 na urefu unaopita mita 31, na kilitembea kwenye reli yenye upana wa mita 1. Sasa kipunguze mara 87. Urefu unakuwa sentimita 36 na upana wa reli unashuka hadi milimita 11.5, kwa hiyo kinakaa mezani bila shida. Uzito je? Uzito haugawanywi kwa 87. Kitu kikipungua mara 87 kwa urefu, hupungua vivyo hivyo kwa upana na kwa kimo, kwa hiyo uzito hugawanywa kwa 87 mara tatu, yaani kwa 658,503. Zile tani 250 zinabaki chini ya gramu 400, hazifiki hata nusu kilo ya sukari.

Hapo ndipo ulipo ugumu wote, na utamu wote, wa kujenga reli ndogo. Vipimo vinapungua, lakini msuguano, umeme, vumbi na tone la maji vinabaki vilevile. Ushauri ambao wajenzi wa reli hizi wamekuwa wakipeana Ujerumani, Uingereza na Marekani kwa miongo mingi, ukiutazama vizuri, unazunguka jambo hilo hilo moja.

Kipimo cha 1:87 huitwa HO, na ndicho kinachotumiwa zaidi Marekani na Ulaya bara. Reli yake ina upana wa milimita 16.5, ambao ni ile geji ya kawaida ya milimita 1,435 iliyopunguzwa. Asiye na nafasi huchukua kipimo cha N, yaani 1:160, chenye reli ya milimita 9. Hata hivyo, kuchagua kipimo ndiyo sehemu nyepesi ya kazi.

Kosa la kwanza la wengi ni kununua plaiwudi ya futi 8 kwa 4, kuilaza nzima na kuitandikia reli ya duara. Tuangalie hesabu zake. Reli kuu ya kweli yenye kona ya nusu kipenyo cha mita 300 huhesabiwa kuwa na kona kali. Ukiipunguza kwa HO, unapata nusu kipenyo cha karibu mita 3.5, na duara kamili lingehitaji chumba cha mita 7. Hakuna mwenye nyumba ya kawaida anayeweza kutoa nafasi hiyo, kwa hiyo kila mjenzi hubana kona. Swali ni abane kiasi gani. Kanuni ambayo wazoefu huiamini ni kwamba nusu kipenyo kisipungue mara tatu ya urefu wa behewa refu kuliko yote. Behewa la abiria la mita 26 lina sentimita 30 kwenye HO, kwa hiyo linataka kona ya sentimita 90. Upana wote wa plaiwudi ni sentimita 122, na nusu yake ni 61 tu. Mabehewa marefu yatavutana na kuacha reli. Lakini behewa fupi la mizigo la sentimita 12 litapita kwa raha zote.

Kisha mjenzi anakuja na wazo la daraja, treni ipite juu ya nyingine. Ili treni ya chini isigonge, panahitajika nafasi ya sentimita 8 hivi. Mwinuko unaokubalika ni asilimia 2, yaani sentimita 2 kwa kila mita, kwa sababu kichwa chepesi hakina mshiko wa kuvuta mabehewa mengi kilimani. Sentimita 8 kwa mwinuko huo ni mita 4 za kupanda na nyingine 4 za kushuka, na plaiwudi ina urefu wa mita 2.44. Lazima upandie kwenye kona, ambako magurudumu husugua zaidi. Zaidi ya hayo, meza ikisukumwa ukutani, mkono wa mtu mzima hufika sentimita 70 hivi, na treni ikianguka upande wa pili hakuna wa kuiokoa. Nasema bila kusita: ikate hiyo plaiwudi vipande vyembamba, uijenge reli yako kama rafu inayofuata ukuta. Utapata njia ndefu zaidi, na kila kitu kitakuwa mahali mkono unapofika.

Umeme nao una kiburi chake. Treni hizi huchota umeme kutoka kwenye reli kupitia magurudumu, na mguso wenyewe ni mdogo kuliko punje ya mchele. Vumbi kidogo tu, kichwa kinasimama. Ndiyo maana reli bora hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, si mchanganyiko wa shaba na zinki tupu ambao kutu yake huzuia umeme. Viungio vya reli navyo hulegea baada ya muda, kwa hiyo wazoefu hulehemu jozi ya waya chini ya kila kipande na kuziunganisha na jozi ya waya nene zinazopita chini ya ubao. Wakimaliza hufanya jaribio moja zuri sana: huweka sarafu juu ya reli mbili, hapa na pale, njia nzima. Kila inapowekwa, kifaa cha ulinzi lazima kikate umeme mara moja. Kikichelewa, waya za mahali hapo hazitoshi, na shoti ya siku moja inaweza kuyeyusha plastiki.

Kwenye kutandaza kokoto ndiko maji yanapokataa kupungua. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji nusu kwa nusu, uidondoshee kokoto zako ndogo, na tone litakaa juu kama duara na kuzisukuma pembeni. Dawa ni tone la sabuni ya vyombo ndani ya mchanganyiko, na kunyunyizia spiriti kabla. Sabuni hulegeza utando wa uso wa maji, gundi ikazama hadi chini bila kusogeza kokoto hata moja.

Mwendo pia upimwe. Treni ya kilomita 60 kwa saa, kwenye HO, hutembea sentimita 19 tu kwa sekunde. Wengi huikimbiza mara tatu ya hapo, na uhai wote wa stesheni hupotea.

Mjini Hamburg, ndugu pacha Frederik na Gerrit Braun walifungua Miniatur Wunderland mwaka 2001, na leo zaidi ya treni 1,000 za HO zinatembea ndani ya maghala ya zamani ya Speicherstadt. Inastahili sifa zote inazopata, lakini isiwe kipimo cha anayeanza. Kinachomfaa ni Inglenook Sidings, mchezo wa kupanga mabehewa uliobuniwa na Mwingereza Alan Wright: reli tatu za kuegeshea, moja ya mabehewa matano na mbili za matatu matatu, mabehewa manane na kichwa kimoja. Unachagua matano kwa kura na kuyapanga kwa mfuatano uliotoka, na mifuatano inayowezekana ni 6,720. Yote hayo yanatosha kwenye rafu ya mita moja na nusu. Anza na hiyo, na ubao wa pili ununue siku mabehewa yatakapopangwa jioni nzima bila hata moja kuacha reli.