Kuyeyuka au Kugandamana? Tofali la Buterere na Istilahi ya Kudhoofika kwa Vichocheo Yabisi

Makala hii inajadili kosa la kiistilahi linalozaa kosa la kisayansi. Anayeeleza kwa Kiswahili jinsi joto linavyodhoofisha vichocheo yabisi huvutwa kuandika kwamba chembe za metali "huyeyuka". Haziyeyuki, na msomaji aliyeambiwa hivyo atadhani kichocheo ki salama maadamu joto halijafikia kiwango cha kuyeyukia.

Tuchukue kichocheo kilichomo katika bomba la moshi la gari la petroli. Humo chembe za platini na metali za jamii yake, zenye upana wa nanomita chache, hutawanywa juu ya alumina yenye vitundu vingi. Mmenyuko hutokea usoni mwa chembe tu. Atomi za ndani ni mali iliyofukiwa. Platini huyeyuka kwenye nyuzi 1,768 za Selsiasi, lakini atomi zake huanza kuhama mapema zaidi. Wanakemia hukadiria kwa kipimo cha Kelvini: kwenye asilimia 30 hivi ya kiwango cha kuyeyukia, atomi za uso hulegea, kwenye nusu, hata za ndani husogea. Kwa platini, makadirio hayo ni takriban nyuzi 340 na 750 za Selsiasi. Shaba ni dhaifu zaidi, takriban 135 na 405, na ndiyo maana vichocheo vyake vya kutengenezea methanoli huendeshwa kwa kawaida chini ya nyuzi 300.

Uhamaji huo hupita njia mbili. Ama chembe nzima huteleza juu ya kitegemeo hadi zikutane na kuungana, ama atomi moja moja huacha chembe ndogo na kujiunga na kubwa, mpaka ndogo zitoweke. Chembe za nanomita 2 zikikua hadi nanomita 8, kila chembe 64 zimekuwa moja, na jumla ya uso imebaki robo. Metali haikupungua hata kidogo.

Mwanafunzi wa Buterere, mtaa wa Bujumbura, hahitaji maabara ili apate picha ya jambo hili. Tofali la udongo huingia katika tanuri la kuni likiwa jepesi kumomonyoka, hutoka gumu, na umbo lake ni lilelile. Punje zimeshikana bila tofali kutiririka. Mfano huu una mpaka wake, kwani katika udongo sehemu ndogo hugeuka kuwa kama kioo kilichoyeyuka; hata hivyo unafaa kuliko ule wa barafu. Tofauti iko katika nia: mchoma matofali anautafuta mshikamano huo, mwenye kichocheo anaukimbia.

Kwa hiyo napendekeza *mgandamano wa chembe*, kutokana na kitenzi gandamana, na *kuyeyuka* kubakie kwa kugeuka kimiminika. Tofauti hii inamgusa fundi wa gari pia. Plagi isipowasha sawasawa, petroli ambayo haikuungua hufika katika kichocheo na kuungulia humo, na joto huweza kupita nyuzi 1,000. Masizi yaliyoganda juu ya kichocheo huweza kuunguzwa yakaondoka. Chembe zilizokwisha kugandamana hazitawanyiki tena kwa kuoshwa.