Ugonjwa wa akili bila karatasi ya munganga: namna ndugu walioko Marekani wanaweza kuomba msaada wa ulemavu

Telefone inalia usiku katika nyumba nyingi za Bukavu, Uvira na Goma. Kule Marekani jua bado liko juu. Anayepiga ni dada, kaka au mtoto aliyepelekwa kule na mpango wa wakimbizi, kutoka kambi ya Nyarugusu, Nakivale au Kyangwali. Salamu ni fupi, kisha ombi linatoka: "Unitafutie karatasi ya munganga kule nyumbani. Huku wamekatala dosye yangu, wanasema hakuna kitu kinaonyesha kama niko mugonjwa."

Jamaa wote wanajua kama mtu huyo anaumwa. Halali usiku. Mlango ukigongwa kwa nguvu, anajificha. Kazi alipata, akaiacha. Akapata ingine, ikamshinda pia. Lakini hakuwahi kumuona munganga wa magonjwa ya akili. Wakati wa vita alipelekwa kwenye chumba cha maombi. Kambini alipewa vidonge vya kichwa. Sasa karatasi itatoka wapi? Na mtaani hakukosi mtu wa kusema kwamba kwa dola kidogo ataitengeneza, yenye muhuri na sahihi.

Ni hapo jamaa wanapaswa kuwa waangalifu. Kukosa karatasi kunaweza kutafutiwa njia. Karatasi ya uongo inaweza kuharibu dosye ya mtu ambaye ni mgonjwa kweli.

Msaada wenyewe ni upi?

Hapa Kongo, pensheni ya mtu asiyeweza tena kufanya kazi inapitia CNSS, na inamhusu mfanyakazi aliyetozwa michango. Mkulima au mama wa soko mara nyingi hayumo. Kule Marekani kuna mpango unaoitwa SSI, ulioanza kulipa watu mwaka 1974, ambao hauombi michango ya kazi. Unasaidia watu wenye feza kidogo sana walio na miaka 65 na zaidi, vipofu, na watu wenye ulemavu. Mwaka 2025, malipo ya juu ya serikali kuu kwa mtu mmoja yalikuwa dola 967 kwa mwezi, na mtu huyo hapaswi kuwa na mali inayohesabiwa ya zaidi ya dola 2,000.

Mkimbizi anaweza kuupata, lakini kwa miaka 7 tu, isipokuwa akipata uraia au akiingia katika hali ingine inayokubaliwa na sheria. Ndiyo maana kupoteza mwaka mzima juu ya dosye mbovu ni hasara kubwa.

Kwa sheria ya kule, ulemavu si kukatwa mguu au kutoona tu. Ugonjwa wa akili unahesabiwa pia, ikiwa unamzuia mtu kufanya kazi ya kumpatia kipato cha maana, na ikiwa umedumu ao utadumu miezi 12 ao zaidi. Tangu Januari 2017, magonjwa yanayotokana na mambo ya kutisha ambayo mtu aliyapitia, kile watu wengi wanaita troma, yana sehemu yake katika orodha ya magonjwa inayotumiwa na biro ya Social Security.

Maneno ya mgonjwa peke yake hayatoshi

Sheria iko wazi: mtu hawezi kukubaliwa kwa sababu tu amesema "kichwa changu hakiko sawa." Ugonjwa lazima uthibitishwe na mtu wa tiba anayekubaliwa, kama vile munganga ao mtaalamu wa saikolojia mwenye leseni. Tangu mwaka 2017, wauguzi wa cheo cha juu wenye leseni ya kutibu wanakubaliwa pia.

Watu wengi wanavunjika moyo hapo, wakifikiri kwamba ugonjwa wa akili hauonekani kwenye damu wala kwenye picha ya mashine. Lakini hakuna anayeomba damu. Kile munganga anakiona mbele yake wakati wa kumchunguza mtu ni ushahidi: namna anavyosema, kama anakumbuka, kama anatetemeka, kama mawazo yake yanafwatana. Munganga akiviandika, vinakuwa karatasi inayotafutwa.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: mwombaji halazimishwi kufika na dosye iliyokamilika. Anapaswa kutaja mahali pote alipotibiwa na kutoa ruhusa, kisha biro inasaidia kutafuta karatasi hizo. Zikikosekana ao zisipotosha, biro inaweza kumtuma kwa munganga ao mtaalamu wa saikolojia, na serikali ndiyo inalipa. Barua ya miadi hiyo ikifika, si ya kuweka chini ya godoro. Mtu asipoenda bila sababu nzuri, dosye inaweza kukataliwa kwa kosa hilo tu.

"Tuko, Mungu anasaidia"

Uchunguzi huo unaweza kuwa mfupi, na mgonjwa anaweza kuharibu dosye yake kwa heshima tu. Munganga anauliza: "Unaendelea namna gani?" Mkongomani anajibu kama alivyofundishwa nyumbani: "Tuko, Mungu anasaidia." Kwa desturi yake, hilo ni jibu la kumheshimu anayeuliza. Kwenye karatasi ya munganga linaweza kuandikwa kwamba mgonjwa anasema hana shida.

Yafaa aseme mambo yanavyokuwa katika siku mbaya, bila kuongeza na bila kupunguza. Analala saa ngapi? Ni nani anapika? Anaweza kupanda basi peke yake? Aliacha kazi ya mwisho juu ya nini? Biro inatazama hasa mambo manne: kuelewa na kukumbuka, kuishi na watu wengine, kukaza akili kwenye kazi moja mpaka mwisho, na kujitunza na kupokea mabadiliko. Kusema "nilifanyiwa mabaya wakati wa vita" ni mwanzo tu. Lazima ionekane namna mabaya hayo yanavyomzuia leo.

Kuna pia shida ya luga. Katika jamaa nyingi, mtoto wa shule ndiye anatafsiri kwa munganga. Mama aliyebakwa hatasema jambo hilo kupitia mdomo wa mtoto wake. Atanyamaza, na munganga ataandika kwamba hakuna kitu. Biro ya Social Security inatoa mkalimani bila malipo. Kumuomba mkalimani wa Kiswahili ni haki ya mwombaji.

Jamaa waliobaki Kongo wanaweza kufanya nini?

Kwanza, kukumbuka kama karatasi za kweli ziko. Mtu aliyewahi kutibiwa Sosame kule Bukavu, Tulizo Letu kule Goma, ao kwenye kituo cha afya cha kambi, anaweza kuomba ripoti ya matibabu, akitoa ruhusa yeye mwenyewe. Kuandikwa kwa Kifaransa si kizuizi. Vilevile, kila mkimbizi anayepelekwa Marekani anapimwa na wanganga kabla ya kupanda ndege, na wengi wanapimwa tena katika miezi ya kwanza baada ya kufika. Watu wanasahau kwamba vipimo hivyo vinaacha karatasi, na afya ya akili huulizwa humo.

Pili, kuandika walichokiona. Jamaa na majirani hawawezi kuthibitisha ugonjwa mahali pa munganga, lakini maneno yao yanasaidia kuonyesha uzito wake. Barua ya kaka inaweza kusema: kabla ya vita alikuwa akiuza samaki na kusimamia watoto, baada ya kukimbia, alikaa ndani miezi mingi, akapoteza feza za biashara bila kujua zimeenda wapi. Haihitaji muhuri wala maneno makubwa. Inahitaji kweli, na tarehe pale zinapokumbukwa.

Tatu, kueleza kwa nini mtu hakutibiwa mapema. Kukosa matibabu si alama ya uongo. Sheria inataka anayeamua dosye aangalie sababu: umasikini, luga, imani, ao ugonjwa wenyewe kumzuia mtu kujua kwamba anaumwa. Kupelekwa kwa pasta ao kwa munganga wa kienyeji kunaweza kusemwa bila haya, maana kunaonyesha kwamba jamaa waliona shida tangu zamani. Lakini akiwa sasa kule Marekani, aanze matibabu. Kila mwezi wa kuonwa na munganga unaongeza ukurasa katika dosye, na kuliko yote, unaweza kumrudishia usingizi.

Karatasi ya kununua

Mfano mmoja unajulikana sana katika jimbo la Kentucky, ambamo Wakongomani wengi wamepata makao. Avoka mmoja, Eric Conn, alikuwa akitayarisha mwenyewe fomu za tiba, wanganga wakazisaini, na juji David Daugherty akakubali dosye hizo huku akipokea feza. Mwaka 2015, biro ya Social Security iliandikia zaidi ya watu 1,500 kwamba dosye zao zitaangaliwa upya bila karatasi zile. Mamia walipoteza msaada wao. Wengi kati yao walikuwa wagonjwa kweli, lakini miaka ilikuwa imepita na ushahidi mwingine ulikuwa mgumu kupatikana. Conn alikubali kosa mwaka 2017, akatoroka, akakamatwa Honduras mwaka huohuo, na akafungwa.

Hilo ndilo linalomngojea mtu anayetumiwa karatasi yenye muhuri wa uongo kutoka nyumbani. Biro ikigundua, inaiondoa karatasi hiyo, na maneno mengine ya mwombaji yanaanza kutiliwa mashaka. Udanganyifu huo ni kosa la jinai, linaloweza kumfikisha mtu gerezani, na munganga ao mkalimani anayeshiriki anaweza kupata kifungo kirefu kuliko mwombaji mwenyewe.

Ikikataliwa

Dosye nyingi hukataliwa mara ya kwanza. Barua ya kukataa inatoa siku 60 za kuomba iangaliwe tena. Ikikataliwa tena, mwombaji anaweza kwenda mbele ya juji na kusikilizwa, na jamaa wanaweza kutoa ushahidi. Yeye asiyekuwa na feza anaweza kutafuta msaada wa sheria wa bure, ao avoka ambaye kwa kawaida analipwa tu dosye ikishinda, kutokana na malimbikizo, bila kupita asilimia 25.

Wanaokaa kimya mpaka siku 60 zinapita, mara nyingi wanalazimika kuanza upya, huku ile miaka 7 ikiendelea kuhesabiwa.

Basi telefone ikilia tena usiku, yule wa nyumbani ana la kumjibu ndugu yake: karatasi ya kununua hapana. Barua ya kweli itaandikwa, na kituo alichotibiwa kitaulizwa. Kisha amuulize lini ataenda kumuona munganga, na barua ya kukataa ilifika tarehe gani.