Chama chenu kinataka ploti? Fungueni lahajedwali kwanza

Vyumba vya kupangishia wanafunzi karibu na Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, vinavutia macho ya kila chama cha vijana chenye akiba kidogo. Bei mtaambiwa, kodi mtaambiwa. Hesabu ni yenu, na msiifanye kichwani.

Tuchukue mfano. Ploti ina bedsita 10, kila moja Sh6,000 kwa mwezi. Kwa mdomo wa dalali, hiyo ni Sh720,000 kwa mwaka. Inauzwa Sh6 milioni: mko na milioni 2, nyingine 4 mtakopa. Tamu, sivyo?

Sasa iwekeni kwenye lahajedwali. Vyumba 4 vikikaa bila mtu miezi 3 wanafunzi wakienda likizo, Sh72,000 zimepotea. Zinabaki 648,000. KRA inachukua asilimia 7.5 ya kodi yote mliyopokea, si ya faida: 48,600. Mlinzi, maji na ukarabati, tuseme 180,000. Mnabaki na 419,400, kama 35,000 kwa mwezi.

Halafu andikeni fomula ya PMT: mkopo wa milioni 4, riba asilimia 15, miaka 10. Jibu ni karibu 64,500 kila mwezi. Hata vyumba vyote vikijaa mwaka mzima, mnapata 60,000. Noma!

Sasa mtumie programu gani? Kwa chama, Google Sheets inafaa: ni bure, kila mmoja anaifungua kwa simu, na historia yake inaonyesha nani alibadilisha namba. Excel ya kompyuta ina Goal Seek, inayowaambia bei ishuke hadi wapi ndipo mkopo ulipike. LibreOffice Calc ni bure, haili bando, na inafungua faili za Excel. PMT iko kwa zote tatu.

Kama mnalenga nyumba za wageni Malindi, msitumie wastani wa mwaka. Wekeni safu 12, kila mwezi na namba yake, maana Mei ya mvua si Desemba.

Na zile templeti za Marekani mnazopakua bure hazijui KRA wala likizo za Pwani. Tengenezeni yenu, ambayo mweka hazina ataielewa na kila mwanachama ataweza kuikagua. Dalali akija na maneno matamu, mwambieni asubiri mwingize namba.