GARI KUUKUU LIKIZIMIKA NJIANI

Wanachama wengi hubebea karafuu magari kuukuu ya petroli. Gari la namna hii lina ugonjwa mmoja unaochosha: huenda vizuri mwendo kidogo, kisha hukohoa na kuzimika, likipumzishwa kitambo huwaka tena kama halikuwa na neno.

Tutoe mfano wa bara, Mkoa wa Katavi. Dereva atoka Mpanda kwenda Sitalike, kiasi cha kilomita 35, wakati wa kiangazi na vumbi jingi. Gari lazimika katikati ya njia. Wengi watamwambia pampu imekufa, na pampu mpya ni fedha nyingi.

Asinunue bado. Petroli ikitoka tangini, hewa haina budi kuingia mahali pake kwa tundu dogo la kifuniko. Vumbi likiliziba, pampu huvuta na petroli haiji. Gari likisimama, hewa hupenya polepole, nalo huwaka tena.

Basi likizimika, fungua kifuniko usikilize. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na gari likawaka, lisafishe tundu. Usiposikia kitu, tazama chujio, kisha mpira wa mafuta kama una ufa. Likizimika saa za jua kali tu, yamkini petroli inachemka katika bomba lililo karibu na injini, subiri lipoe. Pampu iwe ya mwisho.

Sigara na moto viwe mbali kabisa. Karafuu zikilowa njiani hupungua bei. Gari likiungua, mavuno yote hayatalilipa.