Kamba ya Simba

Sogeeni karibu, wapwa zangu. Leo anazungumza mbwa. Jina lake Simba. Kwao ni Ahero, kwenye uwanda wa Kano, kando ya Mto Nyando.

"Mchana hufungwa kamba mwembeni," anasema Simba. "Usiku hufunguliwa nilinde boma. Siku ile palikuwa na wageni, nikasahauliwa. Usiku maji yakaja, bila mvua. Yakafika kwenye kucha. Yakafika tumboni. Watu wakapiga kelele: Maji! Maji! Mama akabeba mtoto. Baba akabeba gunia la mahindi. Na mimi je? Nani atafungua kamba yangu?"

Subiri, Simba. Kuna mtoto amenyoosha mkono.

"Mjomba, mvua haikunyesha Ahero. Maji yalitoka wapi?"

Ee, hilo ni swali la mtu mzima! Nyando inatoka mbali, juu kwenye vilima vya Nandi na Kericho. Mvua ikinyesha kule, ni kama mtu amemimina ndoo. Kano nayo ni sinia. Ukimimina ndoo kwenye sinia, maji yatatulia? Yatasambaa. Ndiyo maana watu hulala nyota zikiwaka, wakaamka kitanda kinaelea.

"Si yangeingia ziwani?"

Huingia! Lakini ziwa letu, Victoria, ni sufuria. Mito mingi inaingia, mlango wa kutokea ni mmoja tu, kule Jinja, Uganda, unapoanzia Mto Nile. Mei 2020 sufuria ilijaa ikapita alama ya mwaka 1964. Mwaka 2024 ikajaa tena.

"Mjomba, na kamba?"

Ahsante kwa kutomsahau Simba! Binti wa darasa la nne naye hakumsahau. Hakuruka majini, maana maji ya mafuriko hubeba hata mkubwa. Aliita tu: "Baba, Simba!" Baba akatua gunia, akarudi hatua chache, akakata kamba kwa panga.

"Lakini mbwa anajua kuogelea."

Anajua, mwanangu. Aliyefungwa ataogelea kwenda wapi? Kuku ndiye hawezi kuogelea mbali. Kwa hiyo mawingu yakijikusanya upande wa Nandi, tenga la kuku hutolewa mapema, mchana. Mbuzi hupelekwa kwa jamaa wanaokaa mlimani. Paka hutiwa kwenye kikapu chenye kifuniko, kwani akiogopa humparura hata anayempenda.

Endelea, Simba.

"Tulihamia shuleni. Watu walilala darasani, mimi barazani. Binti alinipa maji safi kwenye bakuli lililopasuka ukingoni, si yale machafu ya mafuriko. Daktari wa mifugo akaja akanichanja, nisipate kichaa cha mbwa, maana pale tulikuwa mbwa wengi tusiojuana. Nililia kidogo. Binti alinishika sikio.

"Tuliporudi, kipande cha kamba kilikuwa bado mwembeni. Mstari wa matope ulikuwa juu yake, juu kabisa, mahali ambapo hata nikisimama kwa miguu miwili, pua yangu haifiki."